Mwanangu ni beki wa hoki ya barafuni: je, ukocha utamngoja?

"Assalamu alaikum kocha. Tunaishi Edmonton, Kanada, tulitoka Mombasa kijana wetu akiwa na miaka mitano. Sasa ana 16 na anacheza beki katika hoki ya barafuni. Makocha wanamsifu, wanasema anausoma mchezo. Amealikwa kambi ya majaribio ya timu ya vijana iliyo mji mwingine. Akichukuliwa atahama akakae na familia ya huko. Shida ni kwamba shule ameanza kuipuuza. Nikimgombeza ananijibu: 'Mama, nisipofika NHL (ligi kuu ya kulipwa ya huku) nitakuwa kocha. Mabeki wakubwa wote huishia makocha, mtazame Larry Robinson.' Baba yake anasema mchezo huu una wenyewe, hakuna wa damu yetu aliyefika popote, na tena asiyecheza NHL hawezi kumfundisha mtu wa NHL. Mimi hata kusimama juu ya barafu siwezi. Nimsikilize nani? Tumruhusu aende?"

Waalaikum salaam, dada yangu. Barua yako ina maswali matatu yaliyosokotana: kama ukocha ni akiba ya kijana akikosa kucheza, kama mchezo huu una nafasi kwa watu wetu, na kama mmwachie ahame. Kijana amekosea jambo moja kubwa, baba yake amekosea mawili, na kila mmoja kuna mahali amepatia. Nitaanza na huyo Robinson, maana kijana amechagua mfano mzuri kuliko anavyodhani, ila ameusoma nusu.

Larry Robinson alizaliwa 1951 huko Winchester, Ontario, akakulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa. Timu za NHL huchagua vijana kwa zamu kila mwaka, na mwaka 1971 Montreal Canadiens walimchagua akiwa wa 20 katika orodha ya mwaka huo. Hakuingia timu ya wakubwa. Alipelekwa Nova Scotia, kwenye timu yao ya chini, akakaa huko msimu mzima na kipande, hadi Januari 1973 alipoitwa juu. Miezi michache baadaye akabeba Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, la kwanza kati ya sita aliyoyapata akiwa mchezaji. Tuzo ya Norris, ya beki bora wa ligi, aliichukua 1977 na 1980, na mwaka 1978 ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa hatua ya mtoano. Msimu wa 1976–77 Montreal walipoteza mechi 8 tu kati ya 80, na Robinson akamaliza na hesabu ya 120 juu ya sifuri. Hesabu hiyo ni hivi: ukiwa barafuni timu yako ikafunga, unaongezewa moja, ikafungwa, unapunguziwa moja, na mabao yanayofungwa mpinzani akiwa pungufu, mchezaji wake ametolewa kwa adhabu, hayaingizwi. Kwa hiyo 120 maana yake ni kwamba yeye akiwa uwanjani, wapinzani walikuwa karibu hawana la kufanya. Alicheza misimu 20, mitatu ya mwisho Los Angeles, akatundika daluga 1992.

Hapa ndipo kijana wako alipofunga kitabu. Mtu mwenye makombe sita hakukabidhiwa timu. Alianza upya mwaka 1993 kama kocha msaidizi wa New Jersey Devils, akifanya kazi chini ya Jacques Lemaire, ambaye waliwahi kucheza pamoja Montreal. Wa kwake walikuwa mabeki: Scott Stevens, Ken Daneyko, na kijana Scott Niedermayer aliyekuwa bado anajifunza lini aende mbele na lini abaki. Mwaka 1995 Devils waliifunga Detroit mechi nne bila jibu, wakachukua kombe. Baada ya hapo ndipo Los Angeles walipompa ukocha mkuu. Alikaa misimu minne, akafika hatua ya mtoano mara moja tu, 1998, na hapo wakatolewa bila kushinda hata mechi moja. Lakini mwaka huohuo beki wake, Rob Blake, alishinda ile tuzo ya Norris.

Nakuomba ushike jambo hilo la Blake. Timu haikwenda, beki alikwenda.

Robinson akarudi New Jersey kuwa msaidizi tena, na hakuona aibu. Machi 2000, zikiwa zimebaki mechi nane msimu wa kawaida uishe, uongozi ukamfukuza kocha mkuu na kumpa yeye. Katika fainali ya upande wa mashariki walikuwa nyuma ya Philadelphia mechi tatu kwa moja. Mtu anayejulikana kwa upole aliwaka siku hiyo chumbani, akapiga teke pipa la taka. Walishinda mechi tatu mfululizo, wakaenda fainali, wakaifunga Dallas. Mwaka uliofuata walipoteza fainali kwa Colorado katika mechi ya saba. Januari 2002 naye akafukuzwa. Kutoka kombe hadi mlangoni haikufika miaka miwili, na kwa ukocha wa NHL hilo ni jambo la kawaida kabisa.

Walimrudisha tena ukocha mkuu mwaka 2005, na Desemba ya mwaka huo akajiuzulu mwenyewe kwa sababu ya msongo; kichwa kilikuwa kikimuuma na kazi ilikuwa ikimla. Baada ya hapo aliendelea kuwa msaidizi na mshauri, New Jersey, kisha San Jose, na jina lake limo katika kombe la St. Louis la 2019 akiwa mshauri. Ukiniuliza mimi, huyu alikuwa mwalimu wa mabeki aliyezaliwa kwa kazi hiyo, na kiti cha kocha mkuu alikikalia kwa sababu aliombwa. Anayesema "nitakuwa kocha kama Robinson" aulizwe kwanza: Robinson yupi? Yule wa kiti kikubwa alipata kombe moja na maumivu ya kichwa. Yule msaidizi aliishi na mchezo huo miaka zaidi ya ishirini.

Na hao "mabeki wakubwa wote"? Robinson alicheza Montreal na wenzake wawili waliokuwa wakihesabiwa pamoja naye, mabeki watatu wakubwa: Serge Savard na Guy Lapointe. Savard akawa meneja mkuu wa klabu, akajenga timu zilizotwaa makombe ya 1986 na 1993. Lapointe akaishia katika kazi ya kusaka vipaji. Watatu waliokaa benchi moja, chini ya kocha mmoja, wakaenda njia tatu. Doug Harvey, aliyewatangulia hapohapo Montreal na ambaye wengi wanamhesabu miongoni mwa mabeki bora wa zama zote, alikuwa kocha-mchezaji wa New York Rangers msimu wa 1961–62. Aliifikisha timu kwenye mtoano, na yeye mwenyewe akashinda Norris. Kisha akauacha ukocha na kubaki mchezaji, kwa sababu hakupenda kukaa mbali na wenzake. Phil Housley, beki aliyepata pointi 1,232 katika NHL, aliwapa vijana wa Marekani dhahabu ya dunia 2013, akawa msaidizi mzuri Nashville, akapewa Buffalo 2017. Msimu wake wa kwanza timu ilishika mkia wa ligi nzima. Baada ya msimu wa pili akaondolewa. Kipaji cha miguu na macho hakikumsaidia kitu pale.

Hata hivyo kijana ana hoja, maana kweli mabeki ni wengi katika mabenchi ya ufundi. Watu husema ni kwa sababu beki ana akili. Mimi naona sababu ni mbili, na ya pili hutajwa mara chache.

Ya kwanza ni mahali anaposimama. Mshambuliaji hufanya kazi nyingi akiwa amelipa mgongo lango lake. Beki mchezo wote uko mbele ya uso wake. Mpinzani anapokuja kwa kasi, beki anateleza kinyumenyume akipima nafasi iliyo kati yao. Akiiachia ikawa kubwa atapigiwa shuti, akiibana mapema atapitwa. Kabla hajaenda kuchukua kisahani, kinachochezwa badala ya mpira, kwenye kona ya nyuma, lazima ageuze shingo aone nani anamfuata, na awe ameshaamua pasi itakwenda wapi kabla gongo halijakigusa. Kila zamu barafuni ni kama sekunde 45, kisha unarudi benchi na una dakika moja au mbili za kufikiria ulichokiona. Ukifanya hivyo kwa miaka kumi, unajua mahali pa watu wote watano wa kila upande. Makocha wanaposema mwanao anausoma mchezo, ndicho wanachokisema, na ni sifa ya kweli.

Ya pili ni mgawanyo wa kazi. Timu ya NHL huwa na mabeki sita kwenye mechi, jozi tatu, na karibu kila benchi lina kocha msaidizi mmoja ambaye kazi yake ni hao sita tu: nani aingie sasa, nani apumzike, na mara nyingi pia namna ya kujilinda timu ikiwa pungufu. Klabu inapotafuta mtu wa nafasi hiyo, humtafuta aliyekuwa beki. Nafasi ipo kwa muundo wa kazi, na ndiyo maana mlango wa beki mstaafu huwa ni wa usaidizi. Jacques Laperrière, aliyeshinda Norris 1966, aliingia mlango huo Montreal mwanzoni mwa miaka ya 1980 na akawafundisha mabeki wao kwa muda mrefu, makombe mawili ndani yake, bila kuhitaji kiti cha mbele.

Lakini kuona na kumfanya mwingine aone ni vitu viwili. Wewe ni mtu wa Mombasa, unajua wapo wanaoogelea kama samaki lakini hawawezi kumfundisha mtoto hatua ya kwanza, kwa sababu hawakumbuki waliijuaje. Kocha anakata video usiku, anachagua makosa mawili ya kumwonyesha mchezaji na kuyaacha mengine kumi, anajua nani aambiwe mbele ya watu na nani avutwe pembeni. Hayo yanasomwa, yanafanyiwa mazoezi, na yanahitaji mtu anayeandika na kuzungumza vizuri. Kijana anayepuuza shule kwa sababu "nitakuwa kocha" anatupa chombo chenyewe cha ukocha.

Sasa shemeji yangu, baba wa kijana. Hoja yake kwamba asiyecheza NHL hafundishi NHL, historia inaikataa waziwazi. Scotty Bowman, ndiye huyo aliyekuwa kocha wa Robinson, aliumia kichwa akiwa ligi ya vijana na hakucheza NHL hata siku moja. Ameshinda makombe tisa akiwa kocha mkuu na mechi 1,244 za msimu wa kawaida, hakuna aliyemfikia. Jon Cooper hakuwahi kucheza hoki ya kulipwa. Alikuwa mwanasheria, akaanza kufundisha timu za vijana, akapanda ngazi moja moja mpaka Tampa Bay, na akachukua kombe 2020 na 2021. Tazama mwelekeo wa jambo hili: unaweza kufika ukocha wa juu bila NHL, lakini sijaona aliyefika bila kufundisha watoto au timu ndogo kwanza, isipokuwa hao wachache wenye majina, na hata wao tumeona walivyoanzia chini.

Kuhusu wa damu yetu, baba yake amesema jambo lenye ukweli ndani yake, ila amelifikisha mbali mno. Mtafutieni picha za Johnny Oduya. Alizaliwa Stockholm 1981, mama Mswidi, baba Mkenya, Mjaluo. Beki. Alivuka bahari akiwa bado kijana kucheza ligi ya vijana ya Quebec. Mwaka 2001 Washington walimchagua wa 221, mbali chini katika orodha, na hakuwahi kuwachezea. Akarudi Sweden, akacheza huko miaka kadhaa, na New Jersey wakamchukua 2006. Alicheza zaidi ya mechi 800 za NHL, akabeba Kombe la Stanley na Chicago mara mbili, 2013 na 2015, na kupata fedha ya Olimpiki ya 2014 na Sweden. Kocha wake Chicago, Joel Quenneville, alikuwa beki wa NHL wa mechi 803. Na kwa kuwa wewe ni mzazi, ujue pia kwamba Quenneville alijiuzulu ukocha wa Florida mwaka 2021, uchunguzi ulipoonyesha jinsi uongozi wa Chicago, naye akiwamo, ulivyolishughulikia vibaya lalamiko la mchezaji aliyedhulumiwa kingono na mmoja wa makocha mwaka 2010. Kazi ya kocha ni pamoja na hiyo, kulinda vijana. Kokote mwanao atakakokwenda, uliza anamwambia nani akidhulumiwa.

Kwenye ukocha ndipo baba ana haki zaidi. Willie O'Ree alivunja ukuta wa NHL kwa wachezaji weusi mwaka 1958, na ilichukua hadi 1998 kumwona kocha mkuu mweusi, Dirk Graham wa Chicago, ambaye hakumaliza msimu. John Paris Jr. alikuwa ameshaonyesha uwezo mwaka 1994, alipoiongoza Atlanta Knights kutwaa ubingwa wa ligi yao ya kulipwa. Milango hiyo bado ni mizito, na kijana aambiwe hivyo bila kutishwa. Ajue pia kwamba nyumbani mchezo umeanza: Nairobi kuna Ice Lions, waliojifunzia kwenye kiwanja kidogo cha barafu cha hoteli ya Panari, na mwaka 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la hoki ya barafuni la dunia. Siku moja watataka makocha wanaozungumza Kiswahili. Mshahara wa maana sitawaahidi.

Tuje kwenye kuhama. NHL huchagua vijana 224 kwa mwaka kutoka dunia nzima, timu 32 kwa raundi saba, na wengi wa hao hawadumu ligi hiyo. Kwa hiyo kambi hii muipime kwa kitu kimoja: akitoka huko ana miaka 20 na hakuchaguliwa, atakuwa na nini mkononi?

Hukuniambia timu hiyo ni ya ligi gani, na hilo linabadilisha jibu. Ikiwa ni ya WHL, ligi kuu ya vijana ya magharibi, kila msimu anaocheza unampa haki ya kulipiwa mwaka mmoja wa chuo. Kuna masharti, hasa ya muda: akisaini mkataba wa kulipwa au akichelewa kuanza masomo anaweza kuipoteza haki hiyo. Ikiwa ni ligi ya daraja linalofuata, mara nyingi hakuna malipo hayo, na familia inaweza kutakiwa kuchangia gharama. Zamani wazazi waliambiwa kwamba ukicheza WHL, vyuo vya Marekani vimefungwa kwako. Sheria hiyo imebadilishwa. Tangu Agosti 2025 vijana waliocheza ligi hizo wanakubaliwa katika hoki ya vyuo vya huko. Anayekuambia vinginevyo anakupa habari za zamani. Lakini vyuo vinatazama alama, na hapo ndipo hadithi ya kuacha shule inapogonga ukuta. Wachezaji wa umri wake husoma katika shule za mji wanaohamia, na timu nzuri ina mtu maalumu wa kufuatilia masomo yao. Usiporidhika na majibu ya mtu huyo, hiyo timu haimfai hata kama uwanja wake unang'aa.

Mimi ningemruhusu aende kambini. Kuhama ningekuwekea sharti la alama za shule, liandikwe, asaini yeye na baba yake. Na wakati huohuo ningemtia kwenye ukocha sasa hivi, kwa sababu ndio utakaomwonyesha kama anaupenda au anautaja tu. Chama chenu cha mtaa hakikosi kuhitaji vijana wa kusaidia mazoezi ya watoto wadogo Jumamosi asubuhi. Akiwa na umri unaotakiwa achukue kozi ya mwanzo ya makocha ya Hockey Canada. Kama baada ya miezi mitatu ya kuwafunga kamba za viatu watoto wa miaka saba bado anarudi nyumbani akisimulia nani amejifunza kugeuka, basi ana kitu. Gharama zikiwalemea, ulizeni KidSport na Jumpstart. Wanasaidia familia kulipia michezo ya watoto na hakuna fedheha kuomba.

Yako mambo ambayo maandishi hayatoshi. Mkataba wowote wa timu au wakala msiusaini mezani; mpelekeeni mwanasheria aliyezoea mikataba ya michezo, na kama Kiingereza cha kisheria kinawachosha, nendeni na mtu mnayemwamini. Akigongwa kichwa, atoke mchezoni papo hapo na aonwe na daktari kabla ya kurudi, hata akiapa kwamba yuko sawa, na mabeki huapa sana. Akitapika mara kwa mara, maumivu ya kichwa yakizidi, akasinzia isivyo kawaida, akapata degedege, au mkono au mguu ukaishiwa nguvu, usingoje miadi. Peleka hospitali ya dharura. Akianza kukosa usingizi, kujitenga, au kusema maisha hayana maana bila hoki, mwone daktari wa familia au mshauri wa shule wiki hiyohiyo.

Na kambini nenda mwenyewe, dada, usimtume baba peke yake kwa kuwa wewe hujui barafu. Kaa karibu na benchi, usitazame mwanao, mtazame kocha wa mabeki: beki akikosea na kurudi kukaa, anamwinamia na kumwonyesha kitu, au anapiga kelele na kugeuka? Hilo utalielewa bila kuvaa viatu vya barafu. Kisha niandikie jina la ligi na alama zake za muhula huu, tuendelee kutoka hapo.